Zamu ya Mchoraji

"Kompyuta ya kunishinda mimi haijazaliwa," alisema Waya, "na mama yake hajaposwa."

Alikuwa ameitoa bisibisi mdomoni kwa ajili ya maneno hayo tu, kisha akairudisha. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, ukuta wenyewe haufiki hata darini, mshonaji aliacha kukanyaga cherehani.

"Na ile redio yangu?"

"Redio si kompyuta, dada."

"Na simu ya mwalimu mkuu?"

"Ile ililetwa maiti. Mimi ni fundi, sifufui."

"Haya, vuma, debe," mshonaji akasema, na cherehani ikaendelea na safari yake.

Huyu Waya alikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha sekondari kilichotundikwa mahali ambapo mteja hawezi kukikwepa, na ulimi uliokuwa ukifika kila mahali kabla ya miguu yake. Jina alipewa mtaani kwa sababu ya wembamba. Yeye aliwaambia wateja ni kwa sababu ya ujuzi. Kazi aliijua, tusimwonee. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kupongezwa kazi ikiwa bado iko mezani vipande vipande. Mafundi wenzake, kabla ya kugusa kompyuta ya mtu, hutoa kwanza nakala ya vitu vyake. Waya aliwacheka. Nakala, alisema, ni za waoga.

Majigambo ya siku hiyo, Ijumaa, yalikuwa na sababu. Mjomba wake, kaka mkubwa wa mama yake, alikuwa ndiyo kwanza ametoka pale dukani, tena alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Mjomba hakuwa mtu wa kumfuata mtu. Alikuwa mkuu wa ofisi ya ramani kwa miaka ishirini na miwili, na mpaka leo, amestaafu, alitembea kama mtu anayefuatwa nyuma na karani aliyembebea mafaili.

"Gemu limekufa," alikuwa amesema mlangoni, kwa sauti ya kuleta habari ya msiba.

Gemu lenyewe lilikuwa la wafalme. Unapewa kijiji na watu watano. Ukiwa na akili unajenga barabara, unalisha watu, unaunda jeshi, unamnyang'anya jirani mji wake. Mjomba alilicheza na mtu mmoja tu, rafiki yake Mchoraji, kila Jumamosi, kwenye kompyuta ambayo ofisi iliitupa mwaka uleule iliowatupa wao. Kompyuta ilikuwa moja, kwa hiyo walicheza kwa zamu: mmoja akiwa mezani, mwenzake anatoka barazani asije akachungulia.

Huyo Mchoraji ndiye aliyechora ramani zote zilizotoka ofisini mle. Mjomba ndiye aliyezitia saini. Chini ya kila ramani kulikuwa na jina moja, na halikuwa la aliyechora. Kwenye gemu nako mambo yalikuwa yaleyale: michezo kumi na mmoja walimaliza, na yote kumi na mmoja alishinda Mjomba. Hesabu hiyo hakuchoka kuitaja, hasa mbele za watu. Sasa huu wa kumi na mbili ulikuwa umeingia mwaka wake wa tatu.

"Linakufaje?" Waya alimuuliza.

"Mchoraji akimaliza zamu yake, kompyuta inafikiria kwa niaba ya wale wafalme wengine, kumi na saba. Inafikiria, inafikiria, halafu kioo kinakuwa cheusi, inaandika kumbukumbu haitoshi, gemu linajifunga. Ukilifungua, liko palepale mwanzo wa zamu yake."

"Na yeye zamu hiyo anafanya nini?"

Mjomba alikohoa. "Ana nafasi kidogo."

"Nafasi gani?"

"Amezingira mji wangu mkuu."

"Amezingira, au ameuteka?"

"Jumamosi iliyopita aliuteka," Mjomba akasema, akitazama feni iliyokuwa haizunguki. "Mara tatu. Na mara tatu gemu likafa kabla ya kusevu, tukamkuta tena nje ya ukuta. Nikamwambia, ndugu yangu, kanuni ya ofisi unaijua. Kisichoandikwa hakijatokea."

Alicheka peke yake, kisha akakunja uso. Maana kesho yake ndiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Jumapili Mchoraji alikuwa anahamia kwa binti yake, mwendo wa siku mbili, kwa kuwa macho yalikuwa yanamwacha na kuishi peke yake hakuwezekani tena. Mtu wa umri ule akishahamia kwa mwanawe harudi kwa ajili ya gemu. Walitaka kumfanyia tafrija ya kumuaga, akakataa. Alisema hataki kitu chochote, anataka gemu liishe.

"Halafu sikiliza," Mjomba aliongeza. "Faili ni moja tu. Kila mwaka mpya wa gemu ukiingia, linajisevu lenyewe juu ya lile la zamani. Hakuna kurudi nyuma. Ndivyo tulivyokubaliana."

Ukweli ni kwamba hawakukubaliana. Mchoraji ndiye aliyeshikilia iwe hivyo, baada ya kugundua, kwenye mchezo wa tano, kuwa Mjomba akishindwa vita alikuwa anarudi nyuma kimyakimya anavipigana upya. Hilo Mjomba hakulisema. Waya alilijua kwa mama yake, lakini wakati huo hata hakulikumbuka.

"Nimekuelewa, Mjomba," alijibu kutoka chini ya meza, alikokuwa akitafuta skrubu.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa ameshafika, na begi lake la vifaa begani. Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani cha binti wa Mjomba, aliyeolewa. Pazia bado lilikuwa na vipepeo. Ukutani zilining'inia ramani tatu ndani ya fremu, na kwenye kona ya kila moja saini ya Mjomba, nene kuliko mito yote iliyochorwa humo. Meza ilielekea ukuta, kwa hiyo mtu akikaa kwenye kompyuta analipa mgongo dirisha la barazani. Waya alilisogeza pazia lote pembeni apate mwanga.

"Tatizo ni nini hasa?" Mjomba aliuliza, akimsimamia kichwani.

"Mjomba, diski ni kabati, kumbukumbu ni meza. Kabati lako lina nafasi tele. Meza ndiyo kijimeza. Sasa wafalme kumi na saba, na miji yao, na barabara za miaka mia nne, wote wanataka kukaa mezani kwa mpigo. Lazima miguu ivunjike."

"Utaweza?"

"Mzee akifika hapa saa nne atakuta meza ya harusi."

Mjomba aliridhika. Akaenda kwa kinyozi, na kutoka kwa kinyozi apitie dukani achukue soda. Hata kama mji utatekwa, alisema, heri utekwe mwenye mji amenyolewa.

Waya akabaki na mashine. Alipofungua ubavu wake, vumbi lilitoka kama blanketi. Akaipuliza, akaipangusa, akachomoa ramu, ile kadi nyembamba inayobeba kumbukumbu, akaisugua meno yake kwa kifutio cha shule mpaka yakang'aa. Akapachika na ya pili, aliyoitoa kwenye kompyuta moja iliyokufa dukani kwake. Akawasha. Mashine ikahesabu kumbukumbu zake na kukubali kuwa sasa ina mara mbili.

Akafungua gemu. Kwenye kioo, mji mkuu wa Mjomba, wa bluu, ulikuwa katikati, na kuuzunguka pande zote, kama mkufu shingoni, jeshi jekundu la Mchoraji. Ilikuwa zamu ya Mchoraji. Waya hakuwa na haja na jeshi la mtu. Haja yake ilikuwa kitufe kimoja tu chini kuliani: Maliza Zamu. Bila kukibonyeza angejuaje kama gemu litakufa?

Akabonyeza. Wafalme wakaanza kufikiria, mmoja mmoja, majina yao yakipita chini ya kioo. Wa tisa alipofika, giza. Kumbukumbu haitoshi.

"Usinitanie," Waya aliiambia.

Akafungua tena gemu, na jeshi jekundu lilikuwa palepale, halina habari. Akazima programu zote zilizokuwa zikijiwasha zenyewe na kunywa kumbukumbu bure: ya kuchapisha, ya kupokea barua, ya saa yenye picha ya paka. Akabonyeza. Wafalme kumi na mmoja. Giza. Akafungua tena, jeshi palepale. Akaiambia kompyuta ikope nafasi kubwa zaidi kwenye diski, meza ikijaa vitu viwekwe sakafuni. Akabonyeza. Kumi na wanne. Giza. Akaizungusha ramu mpya na kuibadilisha tundu. Kumi na watano. Giza. Kila likifa analifungua, na kila akilifungua jeshi liko palepale. Mkono wake ukazoea, kama mkono wa mtu anayejaribu swichi ya taa: bonyeza, kufa, fungua, bonyeza. Mara ya tano lilifia kwa mfalme wa kumi na sita, na Waya akatukana kwa lugha ambayo mama yake hajui kama anaijua.

Ndipo akazima mapambo. Moshi wa majiko, ndege juu ya misitu, bendera za kupepea, vivuli vya farasi, vyote akavikata. Ramani ikabaki kavu kama zile za ukutani. Akabonyeza.

Wa kumi na tano akapita. Wa kumi na sita akapita. Wa kumi na saba akafikiria muda mrefu sana, Waya amebana pumzi, kisha naye akapita. Hakuna giza. Tarumbeta ikalia, na katikati ya kioo maandishi ya dhahabu: MWAKA WA 413.

Waya aliruka kutoka kwenye kiti. Alipiga makofi, akacheza dansi pale katikati ya chumba, kiuno upande huu, kiuno upande ule, akijiimbia jina lake. "Haijazaliwa!" akaiambia ramani ya kwanza. "Haijazaliwa!" akaiambia ya pili.

Alipogeuka kukitazama kioo vizuri, maandishi ya dhahabu yalikuwa yameondoka na mengine madogo yamekuja. Jeshi la Mfalme Mwekundu halikupewa amri wala chakula. Limetawanyika. Kisha: Bandari ya Mfalme Mwekundu imetekwa na majirani wa kaskazini. Kisha picha ya mji mkuu wa Mjomba, malango yako wazi, watu wametoka kwenda mashambani. Zamu ya Mfalme wa Bluu.

Alifunga gemu haraka, kama mtu anayefunga mlango wa bafu aliokosea. Akalifungua tena. Mwaka wa 413. Akalifunga, akalifungua. Mia nne kumi na tatu. Akaingia kwenye kabati la diski kulitafuta faili. Lilikuwa moja, kama alivyoambiwa. Muda wake wa kuandikwa: saa tatu na dakika arobaini. Akatazama saa yake ya mkononi. Saa tatu na dakika arobaini na nne.

Sasa ndipo yalipomjia maneno ya Mjomba, neno kwa neno, yote, pamoja na ile skrubu. Gemu lilipokuwa likifa halikuwahi kuandika kitu. Kufa kwake ndiko kulikokuwa kunalinda jeshi la mzee wa watu. Mara tano gonjwa lilimwokoa, na mara ya sita yeye fundi akaliponya. Kunakili lile faili kabla ya kuanza kungemchukua muda wa kupiga chafya.

Akachakura pipa la takataka la kompyuta, halina kitu. Akachakura sehemu ambazo hata yeye hakuzijua. Halafu akakaa tu, kifutio mkononi, akiliangalia lile pori tupu kuuzunguka mji, mahali palipokuwa na wekundu.

Kusema kweli kungehitaji neno moja: nimebonyeza. Uongo ulihitaji maneno mengi, na kwa maneno Waya hakuwa maskini.

"Hodi humo ndani, fundi!" Mjomba aliingia amenyolewa, anang'aa, chupa za soda zinagongana kwenye mfuko. "Nimemkuta mwenzangu barazani kakaa kimya kama mkwe. Karibu, ndugu yangu, karibu."

Mchoraji aliingia nyuma yake. Alikuwa mzee mfupi, shati limepigwa pasi hadi kwenye vifungo, miwani minene. Hata kustaafu wamestaafu, bado alisubiri Mjomba akae ndipo naye akae.

"Shikamoo, Mzee," Waya alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Limepona?" Mjomba aliuliza.

"Limepona, Mjomba. Halifi tena. Ila..." Waya akakiweka kifutio mezani. "Ila kuna habari kidogo. Ile ramu ya zamani ilikuwa imeoza. Kumbukumbu ikioza, mashine haisahau tu, inachanganya mambo. Sasa wiki iliyopita lilipokufa mara tatu, kumbe huko ndani lilikuwa linaandika ovyo. Mimi nimelifungua asubuhi, nimekuta hivi."

Akasogea pembeni. Mjomba aliinama kwenye kioo. Alisoma maandishi madogo, akayasoma tena, kidole kikifuata mstari kama alivyokuwa akikagua ramani. Alipofika kwenye malango yaliyo wazi, kidole kikasimama.

"Jeshi lake liko wapi?"

"Halipo, Mjomba. Ndiyo hivyo nimelikuta."

"Limetawanyika lenyewe?"

"Mashine imelitawanya."

"Mashine," Mjomba alisema. Alijitahidi kuusikitisha uso wake, na kwa dakika nzima uso ulikataa. "Pole sana, ndugu yangu. Pole sana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajiandaa kushindwa leo, muulize kinyozi. Lakini sasa mashine ikiamua, mimi na wewe tufanyeje? Na kanuni unaijua."

"Naijua, Mkuu," Mchoraji alisema.

"Kisichoandikwa..."

"Naijua."

"Bado una miji sita. Tucheze. Zamu yangu hii, naona. Nenda barazani kidogo, au kaa tu, leo sina siri na wewe." Mjomba alikuwa tayari ameshavuta kiti, na kipanya kiko mkononi.

Mchoraji hakusimama. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, taratibu, kioo cha kwanza kisha cha pili.

"Fundi," alisema, "hebu nieleweshe mzee wako, mimi si mtaalamu. Ulipolifungua asubuhi, jeshi halikuwepo."

"Halikuwepo, Mzee."

"Na zamu yangu hukuigusa."

"Niiguse ya nini? Mimi nashughulika na vyuma tu. Haki ya Mungu."

"Mwache kijana," Mjomba alisema bila kugeuka, "amefanya kazi nzuri." Kipanya kililia: alikuwa ameshaanza kuwatuma askari wake nje ya malango, kuifuata ile miji sita.

"Nilifika saa tatu," Mchoraji alisema.

Kipanya kikanyamaza.

"Sikulala vizuri, nikasema nitangulie. Nikamuona fundi kainama kwenye kazi, nikaona nisimsumbue. Nikasimama hapo dirishani." Aliivaa miwani. "Herufi sizioni siku hizi, mwanangu. Hata ungeniandikia jina langu hapo kwenye kioo nisingelisoma. Lakini nyekundu naiona. Ulipofungua mara ya kwanza, nyekundu ilikuwepo. Ukabonyeza, kukawa giza, ukafungua, nikaiona. Nikawa nahesabu, sina kazi nyingine. Mara tano. Ya sita halikuingia giza. Ukaanza kucheza dansi, nami nikatafuta nyekundu yangu, sikuiona."

Waya alifungua mdomo.

"Ngoja," Mchoraji alimwambia, kwa upole.

Mjomba alikuwa amegeuka na kiti chake. Shingo yake iliyonyolewa ilikuwa imeingia wekundu. "Sasa ndugu yangu, kama uliona, mbona hukugonga? Mbona hukuingia ukasema?"

"Mwanzoni nilidhani ana nakala. Fundi ni fundi. Nikasema, atacheza dansi, atachoka, atairudisha." Mzee aliitazama ramani ya ukutani iliyokuwa karibu naye, akaitazama kwa ukaribu sana, pua inakaribia kugusa kioo cha fremu, kisha akaiacha. "Baadaye nikamuona anavyopekua, nikajua hana. Basi nikakaa barazani. Nilitaka nisikie atasema nini. Na wewe, Mkuu, nilitaka nisikie utasema nini."

Soda hazikuwa zimefunguliwa. Nje mtu alipita akivuta toroli lenye gurudumu bovu, likalia mpaka mwisho wa mtaa.

"Haya, mwanangu," Mchoraji alimwambia Waya, akikunja mikono juu ya mapaja kama mtu aliyekaa kusikiliza redio. "Rudia. Hapo kwenye kumbukumbu iliyooza. Mjomba wako amepapenda."